Paka Mzee Hana Kiburi, Mchanga Ndio Mgumu

Wasee, wale mko hapa kitambo mnakumbuka ile klipu ya Chapo akikojolea nguo zangu nimetoka tu kuzianua. Nilimrekodi nikicheka, nikaandika juu yake "paka ameamua vita". Hiyo klipu ilitazamwa kuliko kitu chochote nimewahi kuposti. Mlicheka, nilicheka, wengine mkanitumia za paka wenu. Jana usiku niliifuta. Leo nataka kuwaambia kwa nini, na pia niseme kitu ambacho najua wengine mtapinga: paka mzee akianza kwenda haja nje ya beseni lake, yeye si mkaidi. Sisi ndio hatujaangalia vizuri.

Tuanze mwanzo. Chapo ana miaka 14. Mathe alimleta nyumbani nikiwa darasa la pili, kapaka kadogo ka rangi ya chapati iliyoungua kidogo, ndiyo maana jina. Amelala kwa miguu yangu nikisomea KCPE, nikisomea KCSE, na ile wiki nilirudi nyumbani na mabegi nikasema kampasi imeisha, siendi tena. Hiyo wiki kwa nyumba kulikuwa kimya kama matanga. Chapo peke yake ndiye alikuja akakaa juu ya begi kama kawaida. Sasa mathe alirudi ushago mwaka jana, mimi nikahamia bedsitter orofa ya nne, na Chapo akanifuata. Hatukujadiliana. Nilijua tu ni wangu.

Beseni lake niliweka vile vidonge vya mbao, vile vinafanana na chakula cha kuku. Ni bei poa, havibebwi na miguu nyumba nzima, na harufu inatulia. Mimi nilikuwa nimefurahi. Chapo hakuulizwa.

Ilianza pole pole. Kwanza choo kando ya beseni, hatua moja tu, kama mtu aliyefika mlangoni akabadilisha mawazo. Halafu mkojo kwa kazulia ka bafu. Halafu nguo. Halafu kitanda. Jirani akalalamika harufu, msimamizi wa ploti akanipigia akasema mpaka mwisho wa mwezi, ama paka ama nyumba. Rafiki yangu mmoja, na namheshimu sana, akaniambia si umtie kwa gunia umwache sokoni, huko kuna panya wa kutosha. Nakubali mbele yenu kwamba nililala nikiifikiria hiyo plani.

Kilichoniokoa ni kitu kidogo. Usiku mmoja stima zilipotea nikawa nimekaa gizani na tochi ya simu. Nikamwona Chapo akienda kwa beseni. Akaweka mguu mmoja ndani, vidonge vikabingirika, akautoa. Akaukung'uta. Akajaribu tena. Akasimama hapo muda mrefu sana, halafu akarudi nyuma akaenda kwa taulo iliyokuwa chini. Hiyo si vita, wasee. Huyo ni mzee anatafuta mahali pasipomuumiza.

Kesho yake nikampeleka kwa daktari wa mifugo. Mama mmoja mtu mzima, mtaratibu. Akamgusa nyonga, Chapo akalia. Akapima mkojo, ukatoka safi. Akaniuliza, "Kijana, siku hizi anaruka kitandani?" Nikasema hapana, nilidhani amenenepa. "Mgongo bado anajilamba?" Hapana, manyoya yameshikana. Akaniambia viungo vimechoka, na kwamba paka wengi waliozidi miaka 12 ukiwapiga eksirei utakuta dalili hizo, lakini paka huficha maumivu. Halali kwenye kona akilia. Anaacha tu kufanya vitu, moja baada ya kingine, na sisi tunaita uvivu.

Hapo ndipo nilishikwa na aibu, kwa sababu mimi hilo neno nalijua. Nikiacha kampasi niliitwa mvivu na watu ambao hawakuwahi kuniuliza inauma wapi. Na mimi nikamfanyia Chapo vile vile, tena mbele ya kamera.

Sasa najua kuna mtu tayari anaandika, "Hii ni maneno ya watoto wa Karen, paka wa ushago hanunuliwi mchanga." Sawa, twende ushago. Kama shosho yako ana shamba, niambie paka alikuwa anaenda wapi. Alikuwa anaenda kwenye murram pale barabarani? Hapana. Alikuwa anaenda kwa kile kitalu cha sukuma shosho amelima asubuhi hiyo hiyo, udongo bado mbichi na laini, na shosho anamfukuza na kiatu. Paka wa ushago ana eka nzima ya kuchagua, na anachagua palipo laini. Huyu wa orofa ya nne tumempa beseni moja na kitu kimoja ndani, tukasema achague.

Ukoo wa paka umetoka kwa paka-mwitu wa nchi kavu, na kuchimba na kufunika ni kazi yao tangu zamani. Hata huu mchanga wa kununua ni wa juzi tu. Ni mwaka 1947, Michigan, Marekani, jamaa anaitwa Edward Lowe alianza kuuza udongo mkavu wa kunyonya, kwa sababu majivu ambayo watu walitumia yalikuwa yanaacha nyayo nyumba nzima. Kwa hivyo tangu siku ya kwanza, vitu vingi vya beseni vimeundwa kumfurahisha mwenye nyumba: harufu, vumbi, bei. Paka anakuja mwisho. Akiwa kijana atavumilia. Akizeeka, zile nyayo zake zina hisia kali, na nyonga zake zinauma kila akichuchumaa, kidonge kigumu kinachobingirika ni kama wewe kutembea juu ya kokoto na goti limevimba.

Sawa, nilifanya nini? Kosa kwanza. Nilitoka kwa daktari na mihemko, nikanunua mfuko wa ule udongo laini unaoganda, punje ndogo kama mchanga wa ufuo, nikamwaga vidonge vyote, nikajaza beseni mpaka juu. Chapo akanusa, akazama kidogo, akatoka mbio akaenda kujisaidia nyuma ya mtungi wa gesi. Nilitaka kulia. Kumbe mzee hapendi kuamka akute choo chake kimebadilishwa, hata kama kimebadilishwa kwa wema.

Nikaanza upya, na hii ndiyo ilishika. Niliweka mabeseni mawili kando kwa kando, moja la vidonge vya zamani, moja la mchanganyiko: robo laini, iliyobaki vidonge. Kwa lile la pili nikatia kidogo cha uchafu wake mwenyewe ndio linuke kwake. Siku nne, tano hivi, bila haraka. Akizoea, nikaenda nusu kwa nusu. Hapo kwa nusu alikataa siku mbili, nikarudi nyuma hatua moja bila kugombana. Halafu robo tatu. Ilichukua kama wiki tatu mpaka akawa juu ya laini tupu, na lile beseni la zamani nikalitoa baada ya yeye kuliacha mwenyewe.

Kina pia kina maana. Niliweka kama sentimita nne tu. Ukijaza sana, miguu dhaifu inazama na anapoteza balansi. Na beseni lenyewe: nilichukua beseni kubwa la plastiki, nikakata upande mmoja kwa kisu cha moto ukabaki kimo cha vidole vinne, nikalainisha kingo na msasa. Haina maana uweke mchanga laini halafu umfanye mzee aruke ukuta kuufikia. Nikalisogeza karibu na anapolala, mbali na mashine ya kufua. Uchafu natoa asubuhi na jioni. Yenye marashi usinunue. Hayo maua ni ya pua yako, kwake ni kelele.

Kama mfuko wa dukani umekushinda, sitakudanganya kwamba lazima. Mchanga wa mto uliochekechwa na kukaushwa vizuri ni laini na paka wengi wanaukubali. Shida ni kwamba hauganddi, kwa hivyo unaubadilisha mara nyingi, na usiuchote mahali paka wengine wanaenda haja, utamletea minyoo. Vumbi la mbao kutoka kwa fundi ni laini pia, lakini uliza kama mbao zimepakwa dawa, na chekecha lile vumbi jembamba lisimwingie kifuani.

Vitu vinne ambavyo sitaki utani navyo. Moja, usimsugue pua kwa mkojo wake wala usimpige. Atajifunza kukuogopa wewe, si kutumia beseni. Mbili, ukisafisha, usitumie zile dawa zinazogeuka nyeupe kama maziwa ukitia maji, nyingi ni sumu kwa paka, na usimwage dawa ya klorini juu ya mkojo kwa sababu inatoa hewa mbaya ya kukuumiza hata wewe. Maji vuguvugu na sabuni kwanza, halafu kile kisafishaji cha vimeng'enya ukikipata. Tatu, usimpe dawa ya binadamu ya maumivu. Kidonge kimoja tu cha paracetamol kinaweza kuua paka. Nne, kabla ya kulaumu mchanga, mpeleke apimwe. Paka mzee anayekojoa ovyo anaweza kuwa na figo, kisukari ama maambukizi ya mkojo. Na kama ni dume anachuchumaa, anajikaza na hakuna kinachotoka, usingoje kesho, hiyo ni dharura ya leo.

Najua mwingine atasema, "Buda, rent inakushinda unatafuta mchanga wa paka?" Ni swali halali. Mimi si tajiri, na sijasema uuze simu. Nimehesabu kila kitu: beseni nililokata, mfuko mmoja, ada ya daktari. Ilinigharimu wikendi mbili za kutotoka. Godoro moja jipya lingenigharimu zaidi, na kuhama ndiyo usiseme. Lakini hata bila hesabu, kuna mzigo ambao umeubeba siku ulipochukua kapaka. Ule mzigo hauishi akiacha kuwa mrembo wa kupigwa picha. Tunapenda sana vidio za vipaka vidogo. Hakuna anayeposti paka wa miaka 14 mwenye manyoya yameshikana. Ukienda sokoni usiku uone wale wameachwa, angalia vizuri, wengine si wachanga. Ni wazee walioitwa wachafu.

Msimamizi alikuja tarehe 30 kukagua. Akanusa, akaangalia kona zote, akaangalia lile beseni nimekata. Akaniuliza hiyo ni nini, nikamwelezea. Akanyamaza kidogo halafu akasema mamake pia, siku hizi, walibomoa ngazi ya choo wakaweka sakafu tambarare. Akaenda. Hajapiga tena.

Chapo bado ni mzee. Haruki kitandani, nimemwekea kreti ya soda kama ngazi. Kuna siku moja wiki iliyopita alikosea tena kwa kazulia, nikapangusa, maisha yakaendelea. Lakini jana nilimwona akiingia kwa beseni, akachimba kashimo, akachuchumaa bila kutetemeka, akafunika vizuri kama zamani, akatoka akanipita kama hanijui.

Hapo ndipo nilifungua simu nikaifuta ile klipu. Najua ndiyo iliwaleta wengi wenu hapa. Mkiondoka nitaelewa. Lakini kama uko na paka mzee kwa nyumba, leo usiku zima taa, kaa chini, mwangalie tu akienda haja. Usirekodi. Angalia miguu yake.