Bawa la Gari na Tairi Vipara

Juma lililopita nilikaribishwa chai na mama mmoja wa Kitaji, mjini Musoma, nami nikaikuta nyumba imegawanyika. Mwanawe, ambaye ana gari dogo la kuchukulia abiria baina ya Musoma na Bunda, alikwisha kumpa fundi wa mabati arubuni ili amtengenezee bawa la kufunga juu ya buti. Fedha iliyobaki aliitaka kwa mama, na mama hataki kuitoa.

"Mwanangu," akaniambia, "wewe ndiwe uliyesoma. Mweleze mdogo wako. Gari hilo litaruka?"

Kijana akacheka. Hoja yake ilikuwa kwamba magari ya Safari Rally, iliyorejea katika mashindano ya dunia huko Naivasha mwaka 2021, yote yana mabawa. Kwa hiyo bawa huongeza mwendo.

Hapo ndipo alipokosea, wala si yeye peke yake. Yeyote aliyewahi kubeba bati katika upepo wa ziwani anaujua ukweli bila kwenda chuoni. Ukilielekeza ukingo wake kwenye upepo, bati hupita kimya. Ukiinua upande wa mbele, linataka kukunyakua. Ukiuinamisha, linakugandamiza chini; lakini papo hapo linakusukuma nyuma. Bawa la gari la mashindano ni bati lililoinamishwa. Hugandamiza tairi barabarani ili zishike kwenye kona, na gharama yake ni ule msukumo wa nyuma, yaani ukinzani wa hewa.

Ndiyo maana waundaji wa magari hayo hawana jibu moja. Katika uwanja wa Monza, Italia, wenye njia ndefu zilizonyooka, hufunga mabawa membamba. Monaco, penye kona tupu, hufunga makubwa, wakakubali kupoteza mwendo. Hata wao waliwahi kujikwaa: mwaka 1969, mjini Barcelona, mabawa marefu yaliyosimamishwa juu ya vyuma vyembamba yalivunjika, magari mawili ya Lotus yakaanguka, na baada ya muda mfupi mabawa ya namna hiyo yakapigwa marufuku.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapo ndipo fedha ya mama ilipo. Nguvu ya upepo huenda kwa mraba wa mwendo: mwendo ukizidi mara mbili, nguvu huzidi mara nne. Bawa linalogandamiza kwa kilo 36 katika mwendo wa kilomita 240 kwa saa, katika kilomita 80 hugandamiza kwa kilo 4 tu. Katika kilomita 50, mwendo wa sheria penye makazi ya watu, halifikishi hata kilo mbili. Mtoto mchanga ana uzito zaidi.

Isitoshe, gari la kijana huyu huvutwa na magurudumu ya mbele, na bawa liko nyuma kabisa. Wavuvi wetu wanajua kwamba mzigo ukizidi tezini, omo huinuka. Magari ya mashindano hulizuia jambo hilo kwa kuweka bawa la mbele pia.

Nikamkumbusha Bert Shankland, dereva aliyeishi Tanzania, aliyeshinda Safari mwaka 1966 na tena 1967 kwa Peugeot 404, gari la kawaida la familia. Halikuwa na bawa.

Kijana akanyamaza kidogo. "Lakini kaka, abiria hupenda gari lenye umbo."

Sikuwa na jibu la hilo. Tukatoka nje, nikapitisha kiganja juu ya tairi za mbele. Zilikuwa vipara, laini kama sahani, na masika yalikuwa yamekaribia. Mama alitazama, asiseme neno, akaingia ndani.

Jumapili nililiona gari lile stendi likiwa na tairi mbili mpya. Bawa, naambiwa, bado liko kwa fundi, na arubuni hairudishwi.