UCHAMBUZI: Barakoa ya oksijeni, kazi ndogo inayobeba uhai wa mgonjwa

MGONJWA anapopewa dawa ya nusu kaputi, misuli ya koo hulegea, ulimi huangukia nyuma na pumzi hudhoofika au kukatika kabisa. Kuanzia hapo hadi bomba la kupumulia litakapoingizwa kooni, uhai wake humtegemea mtaalamu wa usingizi anayemshikilia barakoa usoni huku akibinya mfuko wa oksijeni.

Kazi hiyo huonekana ndogo, lakini inaposhindikana ubongo huanza kuharibika ndani ya dakika chache.

Mfano unaotajwa mara nyingi ni wa Elaine Bromiley wa Uingereza, mama wa watoto wawili aliyekuwa na umri wa miaka 37. Machi 29, 2005 alifikishwa chumba cha upasuaji kwa tatizo la kawaida la pua. Baada ya kulala, barakoa haikuweza kumfikishia hewa ya kutosha. Madaktari wenye uzoefu waling'ang'ania kumwingiza bomba kooni, jaribio baada ya jaribio, wakati oksijeni katika damu ikizidi kushuka. Wauguzi walileta vifaa vya kutoboa koo, lakini havikutumika. Alifariki siku 13 baadaye.

Mumewe, Martin Bromiley, rubani wa ndege, hakutaka kulipiza kisasi. Alichohoji ni kwa nini watu wenye ujuzi walishindwa kubadili mbinu, na mwaka 2007 akaanzisha Clinical Human Factors Group, taasisi inayoshughulikia makosa ya kibinadamu katika tiba.

Je, hatari hiyo haiwezi kubashiriwa? Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 na madaktari wa Ufaransa uliwahusisha wagonjwa 1,502. Wagonjwa 75, sawa na asilimia tano, walikuwa vigumu kupewa hewa kwa barakoa. Kati ya hao, 13 tu ndio ambao madaktari walikuwa wameshuku ugumu huo mapema. Waliokuwa katika hatari zaidi ni wenye umri wa zaidi ya miaka 55, wanene, wenye ndevu, wasio na meno na wanaokoroma usingizini.

Dawa ya tatizo hilo, kwa sehemu kubwa, si mashine za gharama. Kwanza, mgonjwa avute oksijeni safi kwa dakika kama tatu kabla ya kulala, ili awe na akiba. Kichwa kiinuliwe kwa mto, na mgonjwa mnene ainuliwe pia mabega. Taya lisukumwe mbele, na kifaa kidogo cha plastiki kipitishwe mdomoni kuzuia ulimi usizibe njia. Hewa nayo isisukumwe kwa nguvu, kwani itaishia tumboni.

La muhimu zaidi ni kuita msaada mapema. Mtaalamu mmoja ashike barakoa kwa mikono miwili na mwenzake abinye mfuko. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Tanzania si mgeni katika mjadala huu. Ifakara, mkoani Morogoro, ilikuwa miongoni mwa miji minane duniani ambako Shirika la Afya Duniani (WHO) lilifanyia majaribio orodha yake ya usalama wa upasuaji. Orodha hiyo humtaka mtaalamu aseme, kabla ya mgonjwa kulala, iwapo njia ya hewa ina matatizo na kama msaada upo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha vifo katika hospitali hizo nane vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8.

Hata hivyo, orodha haisaidii ikijazwa kwa mazoea tu. Muuguzi anayeona hatari lazima aruhusiwe kusema, na daktari bingwa akubali kumsikiliza.

Mgonjwa naye ana wajibu. Anayekoroma, mwenye meno ya bandia au aliyewahi kupata matatizo ya usingizi wa upasuaji, aseme mapema. Akishalala, hana tena nafasi ya kujitetea.