Mtumishi wa Mungu, Lakini Hatumwi Hata Dukani

Mara ya mwisho ulitumwa na kanisa lako ilikuwa lini? Simaanishi kupewa maiki. Simaanishi kutangazwa jina kwenye bango la kesha. Namaanisha kutumwa: "Kijana, enda uteke maji." "Enda uone kama yule mzee wa ploti ya nyuma amekula leo."

Nauliza kwa sababu neno mtumishi ni la ukoo mmoja na kutuma na kutumwa, na kila mtu aliyelelewa mtaani anajua kutumwa ni nini. Umekaa kwa kochi, stima iko, muvi imefika pale patamu, halafu mathe anaita jina lako kutoka jikoni. Nyanya za ishirini. Huombi kwanza uoneshwe kama una kipawa cha nyanya. Unavaa slipa unaenda.

Sasa angalia venye hilo neno linaishi kanisani siku hizi. Mtumishi ndiye anafika mwisho watu wote wakisimama. Mtumishi ana kiti cha velveti, ana maji yake ya chupa, ana kijana wa kumbebea Biblia. Yaani mtumishi ana watumishi. Mtume naye, ambaye jina lake linasema wazi ni mtu aliyetumwa, ukijaribu kumtuma popote walinzi watakutoa nje.

Na huduma je? Ukienda Huduma Centre pale GPO, huduma ni mtu ameketi upande wa pili wa dirisha akihangaika na kitambulisho chako. Kanisani, huduma ni kitu cha kujivunia. "Niko na huduma ya uimbaji." "Mungu amenipa huduma ya dansi." Kamera, taa, spika, zote ni huduma. Nimekaa kanisani maisha yangu yote na sijawahi kusikia mtu akisema ana huduma ya choo, na vyoo vya kanisa tunavijua sote.

Najua hapa mnafurahia, kwa sababu inaonekana nawachapa mapasta. Ngojeni. Mapasta tulishawachapa. Mwaka wa 2024 kizazi chetu kilisimama kikasema madhabahu si jukwaa la siasa, na kelele zile zilifika. Novemba mwaka huo Askofu Mkuu Anyolo wa Nairobi alitangaza kwamba pesa ambazo Rais Ruto alikuwa ametoa katika parokia ya Soweto zitarudishwa. Nilipiga makofi na bado ningepiga. Lakini kumwambia askofu arudishe mamilioni ya mtu mwingine ni rahisi, haikunigharimu hata bando. Leo nataka kuongea kuhusu sisi.

Nianze na mimi, ndiyo msiseme nimejificha.

Mwishoni mwa Aprili 2024, Mto Mathare ulivunja kingo usiku. Mnakumbuka mvua ile. Kufikia katikati ya Mei zaidi ya watu 250 walikuwa wamekufa nchini, wengine wao Mai Mahiu, ambako maji yalishuka usiku wa kuamkia Aprili 29 yakasomba nyumba na watu ndani. Huku kwetu mabati yalienda, vitanda vilienda, vitabu vya watoto vilienda. Halafu serikali ikaamuru walio ndani ya mita 30 kutoka mtoni wahame, na tingatinga zikaja kumalizia kile maji yalikuwa yamebakisha. Kanisa letu liko juu kidogo, upande wa Huruma. Ndiyo, mtaa unaitwa Huruma.

Mimi nilikuwa kwa timu ya picha na mitandao. Unajua tulifanya nini? Tulitengeneza bango. Njiwa mweupe, mawingu, na maandishi kwamba tunaiombea Mathare. Tulibishana karibu saa nzima kuhusu rangi ya maandishi. Ijumaa tukafanya usiku wa kuabudu, moshi wa jukwaani ukawashwa, watu wakalia, nikapata klipu kali sana. Chini, umbali wa kutembea dakika kumi na tano, kulikuwa na akina mama wamelala kwenye sakafu ya darasa na watoto waliolowa. Hakuna mtu kati yetu aliyeshuka. Sikusema tulikataa. Ni kwamba wazo lenyewe halikuja, na hilo ndilo linanitisha hadi leo. Tuliwaombea kwa machozi ya kweli na haikutuingia akilini kwamba tunaweza kuwaona kwa macho.

Nilishuka siku mbili baadaye, na sikushuka kwa wema. Nilishuka kutafuta picha. Nikakuta akina mama wa kanisa letu, wale huwa tunawaona Jumapili na vitambaa vyao tukidhani kazi yao ni kupika chai ya wageni, wako hapo tangu siku ya kwanza. Walikuwa wamebeba sufuria za kanisa bila kuomba ruhusa ya kamati. Shosho mmoja aliniona nimeinua simu. Hakunikemea. Aliniambia, "Mjukuu wangu, weka hiyo kwa mfuko ushike huu mwiko, mkono wangu umechoka." Nikasema, "Sawa, shosho," na hivyo ndivyo nilipata kazi yangu ya kwanza ya kanisa nikiwa na miaka ishirini na moja.

Kukoroga githeri ya watu mia mbili si mchezo. Mgongo unakufa. Na nilikoroga na nani? Upande mmoja mama wa jumuiya ya Wakatoliki, rozari shingoni. Upande wa pili mzee Mwakorino na kilemba chake, anapasua kuni kama ana hasira nazo. Mchele ulikuja kutoka msikitini, vijana wa huko wakaushusha kwa mkokoteni na mmoja akabaki kuosha sahani. Hakuna aliyeuliza mwingine kama amebatizwa kwa maji mengi au kidogo.

Sasa linganisha na venye tulilelewa. Shule ya upili, Jumapili asubuhi, CU wanataka ukumbi, YCS wanataka ukumbi, na Wasabato walishautumia jana na hawakupanga viti. Nakumbuka jamaa wa CU akisimama kuombea "ndugu zetu ambao hawajapata mwanga," na kila mtu alijua anamaanisha Wakatoliki wa darasa la kando. Mimi nilisema amina kwa sauti. Tumetoka hapo tukaenda mtandaoni kufanya kitu kilekile. Posti moja kuhusu Mariamu, maoni mia tatu, matusi yamejaa aya. Posti ya kutafuta watu wa kuchangia damu, maoni mawili, moja ni mtu anauza mitumba.

Na huu ugomvi si mpya. Niwape stori moja ya hapa hapa, maana naona tunadhani Ukristo wa Kenya ulianza na YouTube. Juni 1913, wamisionari wa Kianglikana, Wapresbiteri, Wamethodisti na wale wa AIM walikutana Kikuyu, hapo tu matatu inafika kabla hujamaliza kuperuzi. Walikuwa wamechoka kila mmoja kujenga ukuta wake. Wakapanga muungano wa kufanya kazi pamoja, na mwisho wa mkutano wakashiriki meza ya Bwana pamoja katika kanisa la Waskoti, askofu wa Kianglikana wa Mombasa akiongoza. Ikalipuka. Askofu Frank Weston wa Zanzibar, naye pia Mwanglikana, aliwashtaki wenzake wa Mombasa na Uganda kwa Askofu Mkuu wa Canterbury, akisema huo ni uzushi. Magazeti ya Uingereza yakashika moto.

Ningependa kuwaambia Weston alikuwa mtu mbaya, stori ingekuwa rahisi. Lakini huyo Weston alikuwa mtu wa maombi kupindukia, na 1916, wakati wa Vita vya Kwanza, alipanga kikosi cha wapagazi wa Zanzibar na akaenda nao mwenyewe akitembea. Wapagazi ndio walibeba ile vita mgongoni, na walikufa kwa maelfu, wengi kwa ugonjwa na njaa kuliko kwa risasi. Jina la Kariokor yetu ya Nairobi limetokana na wapagazi wa aina hiyo. Unakula nyama hapo na hujui unakula juu ya kumbukumbu gani. Vita ilipoisha, 1920, Weston aliandika kijitabu kuishambulia serikali yake ya Uingereza kwa kuwafanyisha Waafrika kazi kwa lazima. Na 1923, mbele ya mkutano mkubwa wa Waanglikana wenzake London, watu wa ubani na mishumaa, aliwaambia kwamba hawana haki ya kumwabudu Yesu altareni kama hawamhurumii Yesu aliye katika mitaa ya maskini.

Kwa mambo ya umoja nadhani alikosea, tena vibaya. Lakini anaweza kunikosoa hata kaburini, kwa sababu alikuwa barabarani na watu waliobeba mizigo. Sisi tunagombana kama Weston na tunatumika kama nani?

Wale wa Kikuyu nao hawakupata kanisa moja walilotaka. Walichopata ni kazi. Mwaka wa 1918 misheni hizo ziliunda ushirika wao, na 1926 ushirika huo ukafungua shule ya upili hapo Kikuyu. Ndiyo hiyo Alliance. Kila mwaka matokeo yakitoka tunataja hilo jina na hatujiulizi ni muungano wa nani na nani. Ni wa madhehebu yaliyoshindwa kukubaliana kuhusu meza ya Bwana yakakubaliana kuhusu madawati.

Sasa nasikia mnavyonijibu, kwa sababu nimeshajibiwa hivyo na marafiki zangu.

Wa kwanza anasema, kazi ya kanisa ni roho, mambo ya chakula ni ya mashirika. Ndugu, soma Matendo sura ya sita. Kanisa likiwa changa kabisa, mgogoro ulikuwa wa chakula: wajane wa upande mmoja walikuwa wanarukwa kwenye mgao. Mitume wakaambia waumini wachague watu saba wa kusimamia. Mmoja alikuwa Stefano. Huyo Stefano tunayemhubiri kama shahidi wa kwanza aliingia kwenye stori kupitia idara ya chakula, na sifa iliyotafutwa kwa kazi hiyo ilikuwa kujaa Roho. Sisi kwa kazi ya chakula tunatafuta mwenye gari.

Wa pili anasema, basi unapinga maombi. Hapana, na hapa nakosana pia na wale wa mtandaoni wanaosema maombi ni upuzi, shika jembe. Hao hawajawahi kupika wiki nzima. Siku ya tatu pale chini nilikuwa nimechoka mpaka nachukia watu. Mama mmoja alilalamika githeri haina chumvi nikataka kumwagia kitu. Wale shosho hawakuwa hivyo, na nilitaka kujua siri. Siri ni kwamba walikuwa wanafika saa kumi na moja asubuhi, wanasimama karibu na mawe ya jiko, wanaomba kama dakika kumi kwa sauti ya chini, halafu mtu anawasha kiberiti. Hakuna maiki, hakuna moshi isipokuwa wa kuni. Nilianza kufika saa hiyo. Sijui kueleza vizuri, lakini mama wa chumvi siku iliyofuata nilimuuliza jina lake.

Kwa hivyo usiniambie nachagua kati ya kesha na sufuria. Ninachouliza ni kwa nini kesha letu linaisha saa kumi na moja asubuhi, saa ileile wale wanaanza, na sisi tunaenda kulala.

Wa tatu ndiye mgumu: "Wewe mwenyewe si unatafuta watazamaji na hii posti?" Kweli, natafuta. Ningeweza kufuta akaunti nionekane mtakatifu lakini nadhani hiyo ingekuwa onyesho lingine. Nimefanya kitu kidogo tu: nikienda kazini simu inabaki kwa nyumba. Picha za siku zile sina hata moja. Hunilazimiki kuamini nilikuwa hapo.

Nilipeleka pendekezo kwa mkutano wa vijana wetu. Kwamba asipande jukwaani mtu, hata awe na sauti ya malaika, kama mwezi huo hajafua, hajafagia, hajatembelea mgonjwa. Lilikataliwa. Mwenyekiti alisema litavunja watu moyo na timu ya kusifu itabaki na watu watatu. Nikamuuliza hao watatu ni nani. Kila mtu kwa chumba alianza kuangalia viatu vyake.

Nimetoka kwa timu ya picha. Akina mama wana daftari la zamu, limefungwa kwa kamba ya kiatu, linakaa jikoni nyuma ya mtungi wa gesi. Jumamosi hii tunazibua mtaro wa kando ya daraja kabla mvua ianze, saa mbili asubuhi, pamoja na wale wa jumuiya na vijana wa msikitini kama kawaida. Beleshi tuko nazo tano. Gambuti kila mtu aje na zake. Jina langu liko ukurasa wa mwisho, chini ya la shosho, na chini yangu kuna mistari kumi na tisa haina mtu.