Mashine Kulia Si Ushahidi wa Kimondo

Mzazi mmoja wa Kilwa Masoko ametuandikia kwamba kijana wake yu tayari kutoa fedha zote za korosho za msimu huu ili anunue jiwe jeusi, zito, linalodaiwa kuwa ni kimondo. Ushahidi wa muuzaji ni kwamba mashine ya kutambulia metali ilipopitishwa juu yake ililia. Akaongeza kuwa Surat al-Hadid imetaja kuteremshwa kwa chuma.

Tuanze na mashine. Koili yake hutoa nguvu ya sumaku inayobadilika-badilika, nayo huzusha mikondo midogo ya umeme ndani ya metali. Mikondo hiyo ndiyo inayohisiwa. Lakini jiwe la kawaida lenye magnetiti, yaani madini ya chuma yavutwayo na sumaku, nalo huivuruga nguvu hiyo, na mashine ikalia vilevile. Isitoshe, wahunzi wa Kilwa ya kale waliyeyusha chuma, wakaacha mavi ya chuma: meusi, mazito, na mara nyingine yenye chuma halisi ndani. Mwenye pupa huyaona kuwa yametoka mbinguni. Yatazameni vizuri, huwa na vitundu vya hewa, ambavyo kimondo kwa kawaida hakina.

Wala vimondo vyenyewe havifanani. Kile cha Mbozi, chenye uzito wa takriban tani 16, ni chuma kilichochanganyika na nikeli ipatayo asilimia 8. Kile kilichoanguka Peramiho mwaka 1899 ni jiwe ambalo karibu halina metali. Mashine ingeweza kukipita kimya.

Nyumbani, jiwe lisuguliwe nyuma ya kigae, upande usiong'aa. Likiacha mstari mwekundu wa kahawia, au mweusi uliokolea, yaelekea ni madini ya chuma ya hapa hapa ardhini. Kimondo ambacho hakijaliwa na kutu huacha alama hafifu, au hakiachi kabisa. Kisha kona yake ipigwe tupa: vimondo vingi huonyesha chembe zing'aazo kama fedha. Hata hapo neno la mwisho ni kipimo cha nikeli, nacho ni kazi ya maabara. Kipande kidogo kipelekwe Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini (GST), Dodoma, na fedha za korosho zibaki kwa mama mpaka majibu yarudi.

Muuzaji akikataa tupa, kijana na akumbuke kuwa Mtume (s.a.w.) alitia mkono ndani ya rundo la nafaka sokoni, akakuta umajimaji uliofichwa chini, akamkemea mwenye mali. Ama Surat al-Hadid, wafasiri wameeleza huko kuteremshwa kwa namna zaidi ya moja, na hakuna hata mmoja aliyelitaja jiwe la bwana huyu.

Mzazi anauliza pia iwapo kijana aikodi mashine hiyo akatafute mwenyewe katika magofu. Hapana. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ni Urithi wa Dunia tangu 1981, na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inakataza kuchimbua humo bila kibali. Shambani kwao, kwa idhini ya baba yake, na asake apendavyo.