Chokaa Isiyotakiwa

Kisiwa cha Unguja kinaijua chokaa. Fumba yenyewe imekaa juu ya mawe ya matumbawe, na kuta za Mji Mkongwe zilijengwa kwa mawe hayo yakishikanishwa kwa chokaa. Lakini ugumu unaoifaa nyumba ni hatari kwa mishipa ya damu.

Mshipa wenye afya hutanuka kila moyo unapopiga, kisha hurejea. Presha, kisukari, sigara, mafuta mengi katika damu na maradhi ya figo huuharibu ukuta wake kwa miaka mingi. Hapo chembe za misuli ya ukuta huo hugeuka kufanya kazi ya chembe za mifupa, zikijenga humo madini ya kalsiamu na fosfeti. Mshipa mkuu ukikakamaa, presha hupanda zaidi na moyo hulemewa. Na chokaa ikionekana katika mishipa inayoulisha moyo wenyewe, hiyo ni dalili ya mafuta yaliyojikusanya ukutani, ambayo yakipasuka damu huganda na moyo hukosa chakula chake.

Wapo wanaoyalaumu maji ya visima, dagaa au maziwa. Lawama hiyo haina msingi. Wapo pia wanaosema kuwa huo ni uzee tu. Mwaka 2017 wataalamu walitangaza matokeo ya kuwapima watu wazima 705 wa kabila la Tsimane, wakulima, wavuvi na wawindaji wa misitu ya Bolivia. Watu 85 katika kila 100 hawakuwa na chokaa yoyote katika mishipa ya moyo. Basi umri peke yake hauhukumu.

Jembe na ngalawa ndiyo yaliyokuwa maisha ya wazee wa Fumba. Leo Fumba inajengwa miji mipya, na maendeleo hayo ni ya kupokewa kwa furaha. Lakini kazi ya kukaa kitini kutwa, chumvi nyingi, soda na vyakula vya kukaangwa havina budi kutazamwa kwa jicho kali.

Mpaka sasa hakuna dawa iliyothibitishwa kuiondoa chokaa hiyo. Taifa limejenga Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2015, na ni fahari kubwa. Hata hivyo, kipimo cha presha katika kituo cha afya cha kijiji ni rahisi mno kuliko safari ya kuvuka bahari kwenda kupasuliwa.

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili Tanzania Bara, wakajifunza kinga kwa redio na vikundi vya kusoma. Somo hilo halijachakaa. Wakuu wa idara wawape wafanyakazi nafasi ya kupimwa na kuhudhuria kliniki. Vidonge vya presha visikosekane vituoni, wala mgonjwa asiviache kwa kuwa anajiona mzima. Wapangaji wa miji ya Fumba waache njia za miguu na viwanja vya michezo. Walimu wawafundishe watoto skulini, na wao wenyewe wawe wa kwanza kunyoosha mkono wapimwe.

Presha haipigi hodi. Anayengoja kuumwa ndipo apimwe, huenda akafika kliniki wakati ukuta umekwisha kukauka.