Kungoja si Kupuuzwa

Mamangu ana kinundu shingoni, kwenye ile tezi ambayo ikivimba sana huitwa rovu. Ni cha milimita 9 tu. Alipigwa picha ya mawimbi ya sauti, akapimwa damu, hapakuonekana dalili mbaya. Daktari akamwambia arudi baada ya mwaka mmoja. Lo! Mjomba akaja juu: ati maskini hupuuzwa, ati tufanye harambee akakatwe haraka.

Kwa heshima, mimi nampinga mjomba. Katika vinundu 10 vya tezi hiyo, karibu 9 si saratani. Tena ukiondolewa tezi yote, unameza tembe kila siku maisha yako yote, na neva ya sauti ikiumizwa, sauti hukwaruza. Mama naye ni mwimbaji wa kwaya! Huko Korea Kusini watu wazima wengi walipimwa shingo bila dalili yoyote. Kati ya 1993 na 2011, waliogunduliwa na saratani ya tezi wakaongezeka mara 15, lakini vifo havikubadilika. Sasa hao wote walikatwa kwa faida gani?

Hata hivyo, kungoja si kusahau. Kinundu kikikua haraka, au kumeza kukawa taabu, au sauti ikabadilika, mama ataenda siku hiyo hiyo. Tarehe ya kurudi nimeiandika kwa chaki nyuma ya mlango wa jikoni. Mjomba akija kunywa chai huisoma, kisha huguna tu.