Maji ya Lualaba, umeme wa Inga: hidrojeni itakuwa ya nani?

Maji tunayoyavuka kwa mtumbwi pale Kasongo-Rive hayaishii kwetu. Lualaba inapita Kindu na Kisangani, inakuwa mto Kongo, na mwisho inaporomoka Inga, karibu na bahari. Hapo ndipo wageni wanataka kutengeneza hidrojeni ya kijani.

Hidrojeni ni gesi. Ukipitisha umeme ndani ya maji, yanagawanyika kuwa hidrojeni na oksijeni. Umeme ukitoka kwa maji, jua au upepo, kazi hiyo haileti moshi. Gesi hiyo inasaidia viwanda vya chuma na vya mbolea. Lakini inakula umeme mwingi: kilo moja tu inahitaji kilowati-saa zipatazo 50.

Mwaka 2020 Ujerumani ilionyesha nia. Mwaka 2021 kampuni Fortescue ya Australia ilikuja na mpango wa Grand Inga, mahali panapoweza kutoa zaidi ya megawati 40.000. Bwawa halikujengwa, na mwaka 2024 kampuni hiyo ilipunguza malengo yake ya hidrojeni duniani kote. Juni 2025 Benki ya Dunia ilikubali dola milioni 250 za kutayarisha Inga 3. Kwa hiyo mazungumzo yataendelea.

Tukumbuke yaliyopita. Inga 1 ilianza mwaka 1972, Inga 2 mwaka 1982. Waya wa kilomita 1.700 hivi ulivutwa hadi Kolwezi, kwa ajili ya shaba, ukipita juu ya vijiji vilivyobaki gizani. Koo zilizotoa ardhi bado zinadai fidia. Leo, katika Wakongo watano, mmoja tu ndiye ana umeme.

Na sisi? Jenereta ya kanisa na ya kituo cha afya zinakunywa mafuta yanayotoka ng'ambo, na barabara mbovu inaongeza bei. Mama anapika kwa makala, na msitu unarudi nyuma. Dhahabu ya Namoya imechimbwa miaka mingi, lakini usiku wa Kabambare ni uleule.

Hatusemi hidrojeni ni mbaya. Mbolea yake ingefaa mashamba yetu. Tunasema kuna utaratibu: mtoto wa nyumbani ale kwanza, ndipo mgeni auziwe kilichobaki. Na kwa kuwa Inga ni mbali, Kasongo isingoje waya wake. Mabwawa madogo na paneli za jua vinaweza kuanza hapa.

Basi viongozi wa makanisa wawaulize wabunge wetu mambo matatu: umeme kiasi gani utabaki nchini? Wenye ardhi watalipwa lini? Mapato yatafika jimboni kwa njia gani?

Ahabu alilitaka shamba la Naboti kwa maneno mazuri na ahadi ya malipo. Naboti alijua thamani ya urithi wake. Nasi tuujue wetu.